Kaburi la Bi Ua

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo ngiri walikuwa hawajui kubisha hodi, Kipepeo na shoga yake Bi Ua waliishi kando ya kijito. Ngiri alikuwa mtani wa ukoo wa maua, na mtani huchukua cha mwenzake bila kuomba. Basi akala mizizi ya maua yote bondeni, akabaki Bi Ua peke yake. Kipepeo naye hakuwa na ndugu tena, maana walikwisha pamoja na maua yaliyowalisha.

Kutwa wakibishana nani wa kuhurumiwa zaidi.

"Wewe una mabawa," alisema Bi Ua. "Hatari ikija, furr, umeruka. Mimi nitakimbilia wapi?"

"Niruke niende wapi, shoga? Mayai yangu yako chini ya jani lako, na wanangu hawali jani lingine. Ukiliwa wewe, tumekwisha sote."

Mara wakasikia kru, kru, kru. Ngiri huyo anakuja!

"Jikunje, inamisha kichwa, na ole wako ucheke," Kipepeo akamnong'oneza Bi Ua. Kisha akaangua kilio. "Uuuwi! Bi Ua ametutoka!"

Ngiri akasimama. Mtani akifika msibani ndiye mchimba kaburi. Akikataa, atasemwa mpaka kwao.

"Pole, mfiwa. Chakula cha matanga kipo?"

"Kipo, mtani, ila baada ya maziko. Na maua hawashushwi shimoni. Huchimbwa mtaro ukamzunguka marehemu, mchimbaji akiwa upande wa nje."

"Kumbe hata kufa mna madoido!" alicheka Ngiri, maana mtani haachi kutania.

Akazamisha meno yake ardhini, chwaka, chwaka, jasho likimtoka, ubwabwa wa matanga ukimjia akilini. Alipofika kijitoni, maji yakaingia mtaroni, chururu, ukajaa pomoni.

Bi Ua alishindwa kujizuia. Akainua kichwa, akafunguka kabisa kwa kicheko.

"Marehemu anacheka!" Ngiri akaruka amfikie. Miguu mifupi, mtaro mpana: chubwi! Akajikokota kutoka upande uleule wa nje, matope mpaka masikioni.

"Ahsante kwa kutuchimbia boma, mtani," alisema Kipepeo. "Na usikasirike, utani haununiwi."

Ngiri akatokomea, mkia juu. Kipepeo akaingia chini ya jani, akakuta mayai yake yote salama.

Basi shikeni hili: anayemlinda jirani yake amejilinda mwenyewe.