Sikio la Mkuu wa Wachimbaji

Tulieni kidogo, mama zangu, hata nyinyi ambao mawazo yenu yako nyumbani kwenye sufuria ya maharage. Leo nawapeleka kwenye kijiji kimoja, na safari si ndefu.

Kijiji hicho kilikuwa mlimani. Maji yake yalitoka msituni huko juu, yakashuka kwa mfereji mmoja mkubwa. Shamba lililokuwa mbali na mfereji lilikuwa na namna yake ya kuomba. Mwenye shamba akiona majani yameanza kujikunja kwa kiu, alisimama mpakani akapuliza pembe. Wachimbaji wa mfereji wakiisikia, wanabeba majembe, wanachimba mfereji mdogo kuifuata ile sauti mpaka wamfikie. Na kulikuwa na mila: hakuna kumuuliza mtu kwa nini amepiga pembe. Kumwambia mwenye kiu, "Hebu tuone kama kweli una kiu," lilikuwa tusi. Mila nzuri, au siyo? Mimi ningependa kuzaliwa huko.

Shamba likishiba, mwenyewe ananyamaza. Wachimbaji wakisikia kimya, wanaweka majembe chini. Watu waliishi hivyo miaka na miaka, wala hakuna aliyelala njaa.

Sasa, akatokea bwana mmoja. Shamba lake likashiba, pembe haikunyamaza. Asubuhi pembe, jioni pembe. Wachimbaji wakaja, kwa sababu wachimbaji kazi yao ni kuja. Mifereji ikalizunguka shamba lake kila upande. Migomba yake ikamea hovyo hovyo, imesongamana, majani matupu bila mikungu, ikavuka mpaka ikaingia kwa jirani. Naona mnacheka. Mnamfikiria mtu fulani, eh? Jirani yake hakucheka. Alikuwa mama mjane mwenye watoto wadogo na kishamba cha mahindi, na maji kwake yalikuwa yamebaki ya kulowesha vidole. Alipiga pembe yake mpaka mashavu yakamuuma. Nani angeisikia, na ile nyingine inalia mchana kutwa?

Akamwendea yule bwana. "Shemeji, nakuomba unyamaze japo wiki moja. Mahindi yangu yanakufa. Hawa watoto watakula nini?"

"Kwani nimeiba?" akajibu yule bwana. "Nimepiga pembe kama unavyopiga wewe. Waulize waliochimba."

Na ukweli ni kwamba hakuiba. Alitumia mwito ule ule waliotumia wenzake wote, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Mambo yakafika kwa wazee. Wakakaa, wakajadiliana, mwisho wakakubaliana: anyang'anywe pembe. Akanyang'anywa. Kijiji kikashangilia, na yule mama akaenda kukaa mpakani kwake kusubiri maji.

Maji hayakuja. Kulipokucha akawaona wachimbaji kule kule kwa yule bwana, wameinama, wanafungua mfereji mpya. Akakimbia mpaka kwa mkuu wao.

"Baba, pembe si imechukuliwa! Unamchimbia nani?"

Yule mzee akasimamisha jembe. Akamtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu asiye na hila. "Mwanangu, ina maana huisikii? Inalia. Haijanyamaza hata mara moja."

Sikio lilikuwa limekwama, ndugu zangu. Kijiji kizima kilikuwa kimekodolea macho mdomo wa yule bwana, kumbe ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye sikio la mtu mwema. Mahindi ya yule mama yalikauka yakiwa kwenye mbelewele.

Kijiji hiki mnakijua? Mmekuja nacho asubuhi hii, mmekaa nacho kwenye benchi. Ni mwili wako. Daktari mmoja alinieleza kwa subira, maana mimi ni mgumu kuelewa. Ukijikata na kisu, seli za hapo zinatoa vichocheo vya ukuaji. Hiyo ndiyo pembe. Seli nyingine zina vipokezi juu yake. Hayo ndiyo masikio. Kipokezi kikisikia, mshipa wa damu unachipuka kuelekea panapoita. Mtoto akiwa tumboni, mishipa ya fahamu nayo hujinyoosha ikifuata mwito mpaka kwenye ncha ya kidole, na ule usiopata wa kuuita unanyauka. Mungu ametujenga kwa kuitana na kuitikiana! Saratani nayo inaita kwa mwito ule ule, ila yenyewe haishibi, na mishipa ya damu inaitii. Mara nyingine hakuna hata anayeita. Kipokezi chenyewe kimeharibika, kinaamrisha "kua, kua" penye kimya. Ndiyo maana kuna dawa za kuzuia mwito na kuna dawa za kuziba sikio.

Mnadhani sasa nitahubiri juu ya tamaa. Mmekwisha kumpa yule bwana jina na mtaa anaokaa. Mwacheni. Mimi nina neno na masikio.

Naelijwa wetu, yule wa sauti ya pili kwenye kwaya, ana saratani ya titi. Ameniruhusu niseme. Na sisi, tangu ameacha kuja, tumesikia nini? Tumesikia kwamba amerogwa na wifi yake. Tumesikia kwamba ana dhambi aliyoificha. Nani alisema hayo? Hakuna! Hakuna pembe iliyolia, lakini sisi tumechimba, tumechimba, mpaka mlangoni kwa wifi wa watu. Naelijwa hakufanya kosa lolote. Mwili wake umepotoshwa kwa lugha yake wenyewe, basi.

Nilikwenda kumwona juzi. Nikamuuliza dawa zinamtesaje. Akasema, "Dawa nazivumilia, Mchungaji. Nilituma ujumbe kwenye kundi la kwaya kwamba siwezi kuchota maji. Wote waliusoma."

Wote waliusoma. Niliona aibu kwa ajili yenu na kwa ajili yangu.

Kwa hiyo leo sitoi baraka ya kufunga hapa. Mzee wa kanisa, fungua hiyo milango. Kwaya itangulie, na kila mwenye mkono mzima achukue ndoo, apitie bombani. Baraka nitaitolea uani kwa Naelijwa, pipa lake likishajaa.