Saa ya Shija na Mkono wa Bi Tunu

"Saa ya mkono hupimwa mkononi." Mmeisikia leo sokoni, na sasa mnamsumbua mzee wenu awaambie ilitoka wapi. Haya, sogeeni. Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, hata punje ya chumvi haimo. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa mjini kwetu alikuwapo gadi wa treni, Shija Maganga, mtu wa behewa la mwisho, mwenye kibendera cha kijani na saa ya mkono ya kutia ufunguo aliyoachiwa na baba yake. Kila gadi akirudi safari, steshenimasta huilinganisha saa yake na ile ya ukutani. Ya Shija ilichelewa dakika nne kila siku.

"Mwisho wa mwezi nikiikuta hivi," steshenimasta akamwambia, "utashuka kwenye treni, ukapime mizigo."

Kwa Shija, kushushwa treni kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akakimbilia kwa Bi Tunu, fundi saa, aliyefanyia kazi kibarazani kwake, kioo kimebanwa jichoni. Bi Tunu akaifungua saa, akaisafisha, akailaza mezani. Siku mbili aliilinganisha na milio ya redio ya saa saba mchana. Haikukosea hata sekunde. Shija akaivaa kwa furaha, akaenda safari, akarudi. Dakika nne zile zile.

"Umechezewa, kaka," makuli wakamcheka. "Saa inataka fundi, wewe umempelekea mpika mchicha."

Bi Tunu alizisikia kejeli, akazipita kama anayepita dimbwi. Alimwuliza Shija jambo moja tu. "Ukiwa safarini, mkono huu unauweka wapi?"

"Nje ya dirisha, mama. Unaning'inia kutwa."

Basi Bi Tunu akaivaa saa ile mwenyewe, akauacha mkono wa kushoto ukining'inia. Jamani, siku tatu hakuukunja! Ugali aliusonga kwa mkono mmoja, sufuria kaibana kwa miguu. Majirani wakadhani kapooza, wakamletea uji na pole. Siku ya tatu mkono ule ulikuwa umerefuka kuliko mwenzake kwa vidole vinne vizima.

Lakini alikuwa amejua. Saa ikilala chali, ilikwenda sawa. Ikining'inia, kile kichwa cha kutilia ufunguo kikitazama chini, mwendo ulilegea. Akapiga hesabu: mkono wa gadi unaning'inia kwa saa ngapi, unalala kwa saa ngapi. Kisha akausogeza mwendo mbele kidogo, chini ya upana wa unywele.

Siku ya kuamuliwa, steshenimasta akailinganisha saa na ile ya ukutani, akailaza mezani kwake kutwa. Jioni akaiinua. "Jana ilichelewa, leo inakimbia. Shija, nenda kwenye mizani."

Shija akainamisha kichwa. Bi Tunu, aliyekuja naye, hakuinamisha chake.

"Samahani, Bwana Mkubwa. Hiyo meza yako huwa inasafiri kwenda wapi?"

"Meza haisafiri, mama."

"Sasa mbona unaipimia saa ya msafiri? Saa ya mkono hupimwa mkononi. Mvalishe, mpe safari yake, ndipo uhukumu."

Steshenimasta alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukataa neno la haki. Wakailinganisha saa na redio, Shija akapanda treni ya siku ile. Aliporudi kesho yake mchana, makuli wote walikuwa wamejazana, redio iko dirishani. Shija akanyoosha mkono. Milio ikaanza. Wa mwisho ulipolia, mshale wa sekunde ulikuwa juu kabisa, pale pale panapostahili.

Steshenimasta akavua kofia mbele ya Bi Tunu. Kisha akavua na saa yake. "Nami nipimie, mama. Ila mkono wangu mimi hukaa mfukoni."

Tangu hapo, mtu akihukumiwa mahali ambapo kazi yake haipo, watu husema maneno ya Bi Tunu.

"Babu," akadakia Nyamizi, yule mshonaji aliyekaa kati ya wasikilizaji, "Bi Tunu ni bibi yangu, mzaa mama. Juzi nimemshonea gauni. Mikono yake nimeipima yote miwili."

"Ehe?"

"Inalingana."

"Haipishani hata kidole kimoja?"

"Hata ukucha, Babu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee wenu akakohoa, akatazama pembeni, akamwita muuza kahawa. "Wape wote, na kashata, juu yangu. Huyu binti mpe mbili."

"Na hayo mengine," Nyamizi akauliza, kashata mdomoni, "tuyaamini?"

"Usinipime mimi hapa kijiweni, mjukuu wangu. Nenda kibarazani kwa bibi yako, umtazame akiwa kazini, kioo jichoni. Saa ya mkono hupimwa mkononi."