Pimbi na Maji ya Kufutia Neno

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba na majirani na ugomvi wa majirani kama sisi, palikuwa na mwamba mkubwa mweupe katikati ya bonde moja. Ndani ya mwamba ule aliishi Bi Pimbi na wanawe.

Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, manyoya ya kahawia, mkia hana. Akisimama mbele ya nyati utadhani kokoto. Lakini ulimi! Ulimi wake ungeweza kumtoa konokono nje ya kombe lake.

Ubavu mmoja wa mwamba ulikuwa laini, na wanyama walizoea kuandika pale habari zao kwa mkaa uliochanganywa na mafuta ya nyonyo. Aliyepotelewa na mtoto aliandika. Aliyekuwa na harusi aliandika. Mwenye umbea, mh, huyo ndiye aliyeandika kuliko wote. Na kila aliyelipenda neno alichovya mguu kwenye udongo mwekundu akabandika unyayo wake chini yake, pa! Neno lenye nyayo nyingi ndilo walilolikimbilia wote.

Bi Pimbi alikuwa mlinzi wa mwamba. Alifagia, aliponda mkaa, aliwaamua waliogombania nafasi. Na wageni walivyozidi kujaa, ndivyo naye alivyojiona mrefu.

Siku moja Ngedere, yule mwenye mkia mrefu na akili fupi, akaandika hivi: "Dua ya Kobe ikifika mbinguni, mvua imeshanyesha na matope yamekauka!"

Lo! Wanyama walicheka wakashika mbavu. Pa! Pa! Pa! Nyayo zikajaa.

Msicheke nyinyi, ngojeni kwanza. Kobe walikuwa na uwanja wao wa mchanga. Kila alfajiri walikusanyika pale, wakanyoosha shingo kulielekea jua, wakasali taratibu, taratibu, mpaka umande ukauke. Sasa kila walipokwenda kusali, kulikuwa na watoto vichakani wakiwazomea.

Mzee Kobe akaja mwambani.

"Bi Pimbi, binti yangu, lile neno limetuchoma."

"Ah, Mzee wangu, utani tu huo! Si unamjua Ngedere?"

"Ukinitania kwa miguu yangu mifupi, nitacheka pamoja nawe. Ukinitania kwa kile ninachomwomba Mungu wangu, nicheke na nani?"

Bi Pimbi alisema ataliangalia. Hakuliangalia. Neno lile lilikuwa linaleta wageni, na wageni walimpendeza. Huo ndio ukweli wenyewe, siwafichi.

Basi kiangazi kikaingia, kikali kweli. Bonde zima lilibakiwa na chemchemi moja tu. Na Kiboko, mkuu wa bonde, akaizungushia miiba, akawa anaoga humo peke yake kutwa kucha. Ndama wa Nyumbu walilamba mawe. Swala walitafuna majani makavu wakitafuta unyevu. Asubuhi moja pakaonekana neno jipya mwambani:

"Kiboko amefunga chemchemi. Watoto wetu wana kiu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Walipanga mstari kimya, pa, pa, pa, mpaka udongo mwekundu ukaisha.

Haukupita muda, akaja Fisi, mjumbe wa Kiboko, akitembea upande upande kama kawaida yake.

"Hodi! Amri ya serikali! Kila neno linalokashifu ibada ya mnyama yeyote lifutwe kesho, kabla jua halijafika utosini. Usipolifuta, mwamba huu utazungushiwa miiba, na wewe na wanao mkatafute shimo la kuishi."

Bi Pimbi aliinamisha kichwa. "Amri nzuri hiyo. Neno la Kobe nilipaswa kulifuta zamani."

"Na la chemchemi."

"La chemchemi? Hilo lina dini gani?"

"Hihihi! Hujui? Mheshimiwa Kiboko huabudu majini. Kuoga kwake ni sala. Anayelalamikia kuoga kwake ameikashifu dini yake."

"Tangu lini, Bwana Fisi?"

"Tangu jana jioni," akajibu Fisi, akaondoka akicheka.

Bi Pimbi akabaki amekaa mlangoni kwake. Akilifuta neno la chemchemi, wale ndama watakufa kwa kiu na hata pa kulilia hawana. Asipolifuta, wanawe watalala wapi? Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mlango huu aliufungua mwenyewe. Angemsikiliza Kobe siku ile, Fisi angepitia wapi leo?

Akawaambia wanawe wasitoke, akateremka mbio mpaka kwenye uwanja wa mchanga.

"Mzee Kobe, nimekuja kukuomba radhi. Ulikuja na kidonda, mimi nikakionyesha kwa wageni."

Mzee Kobe akamtazama kwa muda. Ninyi mnajua muda wa kobe. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini neno halifutwi kwa kusamehewa tu. Wazee wetu walikuwa na desturi: aliyechafua ibada ya mwenzake hulisafisha neno lake yeye mwenyewe, kwa kitu kilichotoka mahali pa ibada pa aliyeumizwa. Kwetu sisi ni mchanga huu."

"Husafisha aliyeandika peke yake?"

"Aliyeandika, na kila aliyebandika unyayo wake."

Bi Pimbi akasimamisha masikio. "Na kitu hicho lazima kitoke mahali pa ibada? Hakiwezi kutoka kwingine?"

"Lazima. Na aende akakichukue mwenyewe."

"Salaale!" Bi Pimbi akaruka juu, nusura aangukie mgongo wa mzee. "Mzee wangu, kesho uje mapema. Yaani uanze safari sasa hivi!"

Kesho yake wanyama wote wakakusanyika mwambani. Ardhi ikatikisika, du! du! du! Kiboko huyo, anang'aa kwa maji, Fisi pembeni yake.

"Haya, Pimbi! Futa!"

"Nipo tayari, mheshimiwa. Ila amri kubwa kama yako haitimizwi kwa kitambaa cha jikoni. Tuifuate desturi ya wazee." Akaieleza desturi yote, kwa sauti, kila mtu akasikia.

Kiboko akavimba kwa furaha. "Safi kabisa! Waje mmoja mmoja nikiwaona! Waone haya!"

Akaanza Ngedere. Akaenda mwenyewe uwanjani kwa Kobe, akarudi na mchanga, akaanza kusugua, kwaru, kwaru, huku akikonyeza wenzake. Mzee Kobe akamsogelea.

"Mwanangu, unajua kwa nini dua zetu ni ndefu?"

"Kwa sababu nyinyi ni wazito," akasema Ngedere, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Kwa sababu humtaja kila mmoja wa bonde hili kwa jina lake. Mama yako alipoanguka mtini, tulimtaja siku zote mpaka alipoamka. Wewe pia tunakutaja. Tena wewe tunakutaja mara mbili."

Ngedere akaacha kukonyeza. Akasugua, akasugua, machozi yakidondokea mchanga, na wote waliobandika nyayo wakaenda kuchota mchanga wao, wakaja kumsaidia. Mwamba ukang'aa mahali pale. Bi Pimbi naye alisugua, ingawa hakuwa amebandika unyayo.

"Tosha!" Kiboko akanguruma. "Sasa langu!"

"Langu" alisema kama mtoto anayedai andazi.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Mheshimiwa, tusije tukakosea. Chemchemi ile ni mahali pa kuogea tu, au ni mahali pa ibada?"

"Ala! Ni mahali pa ibada!"

"Kama mchanga wa Kobe?"

"Kama mchanga wa Kobe! Tena zaidi!"

"Mmesikia nyote? Basi kila aliyebandika unyayo chini ya neno la mheshimiwa aende chemchemini, achote maji kwa kinywa chake mwenyewe, aje alisafishe."

Wakatazamana. Nyumbu akainua mguu. Swala akainua. Pundamilia, Twiga, Nungunungu, Ngiri na wanawe wote sita. Ikawa bonde zima limeinua miguu.

Fisi akamnong'oneza Kiboko, "Bwana mkubwa, hapa kuna kitu kinanuka."

"Kinachonuka ni wewe! Nenda ukaondoe miiba!"

Kwacha! Kwacha! Miiba ikaondolewa. Wanyama wakashuka chemchemini, wakainamisha vichwa, na mimi sina haja ya kuwaambia kilichofuata. Gudu, gudu, gudu! Ndama walitumbukia mpaka shingoni. Kisha kila mmoja akajaza kinywa, akaanza kupanda kilima.

Lakini njia ilikuwa ndefu na jua kali. Nyumbu alifika wa kwanza, akafungua mdomo mbele ya neno. Hakukutoka kitu.

"Maji yako wapi?" Kiboko akafoka.

"Samahani, mheshimiwa. Nilijikwaa, nikameza."

"Rudi ukachote tena!"

Akafika Twiga. "Yangu yamepotelea shingoni, mheshimiwa."

"Rudi!"

Ngiri alisema alipiga chafya. Swala alisema aliona haya, na haya ilimkausha kinywa.

"Rudini! Rudini nyote! Hakuna atakayepumzika!" Kiboko akawafukuza yeye mwenyewe mpaka majini, akihema, akiwasimamia wachote vizuri. Mnaliona jambo hilo? Aliyewafungia maji jana, leo anawasukuma kwa pua wakanywe!

Wakaenda, wakarudi, wakaenda tena. Jua lilipoanza kuteremka, matumbo yao yalikuwa yakilia kama ngoma, bum, bum. Bi Pimbi akawatupia jicho. Safari ile hakuna aliyejikwaa.

"Haya, kwa pamoja!"

Pfuuuu! Maji yakaruka kama mvua ya masika, miguu ikasugua, mkaa ukateremka mweusi mpaka chini. Neno likafutika, hata alama haikubaki.

"Ha!" Kiboko akapiga kofi. "Fisi, rudisha miiba!"

"Irudi wapi, mheshimiwa?" akauliza Bi Pimbi kwa upole.

"Chemchemini, pimbi wewe!"

"Kwenye nyumba ya ibada? Mheshimiwa, umetangaza mwenyewe mbele yetu sote. Amri yako inasema asikashifu mtu ibada. Kuna kashfa gani kubwa kuliko kuifungia nyumba ya ibada kwa miiba, na wenye kiu wapo nje?"

Mzee Kobe akatoa shingo yake yote. "Mchanga wetu hauna mlango," akasema. "Hata Ngedere akija alfajiri, tutamsogezea nafasi."

"Nitakuja," akasema Ngedere haraka.

Kiboko akafungua kinywa. Kinywa cha kiboko kikifunguka ni pango, lakini humo hamkutoka neno. Akisema chemchemi si nyumba ya ibada, basi amewasumbua wote kutwa kwa uongo. Akisema ni nyumba ya ibada, basi haifungwi. Akamgeukia Fisi amsaidie. Fisi alikuwa ameshakumbuka mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Na mbele ya Kiboko walisimama Nyumbu, Pundamilia na Twiga, wameshiba maji, nguvu zimewarudia, hawampishi njia.

"Mh," akasema Kiboko mwishowe. "Basi... ibada ni ya wote."

"Amina!" wakaitikia.

Akateremka chemchemini, akakuta ndama wamejaa humo, chubwi, chubwi, wanarushiana maji. Akangoja zamu ukingoni. Nasikia hata alijifunza kusema "Naomba kupita."

Na Bi Pimbi? Mwamba wake ulibaki, na wanyama waliendelea kuandika, mazuri na ya kipuuzi. Lakini mtu akija kusema "neno lile limenichoma," Bi Pimbi hakuuliza tena lina nyayo ngapi. Alimwita aliyeandika siku ile ile, wakakaa watatu kivulini wakazungumza.

Wanangu, iheshimuni ibada ya jirani, na mkimwona mwenye nguvu anaigeuza dini kuwa mwiba wa kufungia maji, mshikeni kwa maneno yake mwenyewe.