Tawi la Mforosadi

"Njia panda huachiwa mtu, haiachiwi tawi." Hayo ndiyo maneno ambayo Mama Sechonge alimwambia shemeji yake jana mbele ya watu wote, aliposikia kwamba binti anayeanza shule ya bweni atakwenda peke yake, na barua tu mkononi. Nyinyi mkachekeana, mkaniuliza tawi limeingiaje kwenye mambo ya shule. Haya, menyeni viazi huku mnasikiliza, na atakayebakiza maganda asiisingizie hadithi. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanza zama za sungura na fisi. Ilianza juzi juzi tu, pikipiki zilipokwisha kujaa huku milimani.

Huko Kwemtindi, kwenye milima ya Usambara, alikuwako kijana jina lake Hoza, dereva wa bodaboda. Kwa pikipiki Hoza hakuwa na mpinzani. Mteremko wa utelezi ambao wenzake waliushuka kwa miguu wakiishikilia pikipiki kama ng'ombe mkaidi, yeye aliushuka ameketi, tena akipiga mluzi. Sifa zake alizijua, na hakuzionea haya. Babu yake alikuwa mpasua mbao, na Hoza alipokuwa mdogo aliandamana naye msituni, kwa hiyo hata njia za huko alizijua. Mwaka huo akaapa kuuvuka msitu wote kwa pikipiki, kutoka upande wa machweo hadi upande wa mawio, kwa siku nne, akilala njiani kwenye hema. Pale kijiweni walimcheka, wakamwambia atarudi na usukani peke yake.

Walioshika naye safari walikuwa wawili, wote wamesoma naye tangu darasa la kwanza. Mmoja ni Sikudhani, mwanamke fundi wa pikipiki, mwenye maneno machache na mkono usiotetemeka. Wa pili ni Kaoneka, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole kupita kiasi. Kaoneka alikuwa na pumu tangu utotoni, na pikipiki yake alikuwa ameinunua miezi minne tu kabla ya hapo.

Kabla hawajawasha, Sikudhani aliweka sharti moja. "Msituni hakuna wa kumuuliza njia," alisema. "Kila anayefika njia panda asimame mpaka amwone wa nyuma yake. Akishamwona amwoneshe kwa mkono, ndipo aende. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama mkuu wa polisi," Hoza akamtania.

Hoza akatangulia, Kaoneka akakaa katikati, na Sikudhani akafuata nyuma na spana zake, maana fundi akitangulia atawatengenezea akina nani?

Siku ya kwanza walipanda. Walipita mashamba ya viazi na kabichi, wakanunua plamu barabarani, kisha msitu ukawameza. Kwenye kijito cha kwanza Kaoneka aliteleza juu ya jiwe, akaanguka na pikipiki yake, begi likalowa chapachapa. Walimtoa wakicheka, naye akacheka zaidi yao. Lakini jioni, walipokuwa wakianika vitu karibu na moto, Sikudhani aliona kikopo cha dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, kimekaa ndani ya begi bichi.

"Hiki hakiwezi kulala kwenye maji," alisema.

Pikipiki ya Hoza ilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, kavu hata mvua ikinyesha mawe. "Nipe mimi," Hoza akasema. "Nitakuwa hatua chache tu mbele yako. Ukikohoa, nimefika."

Kaoneka akampa. Kwa nini asimpe? Rafiki yake ndiye dereva bora kuliko wote, na amesema mwenyewe.

Siku ya pili ilikuwa tamu kweli. Walipita chini ya miti mikubwa ya mikulo ambayo hata watatu wao wasingeweza kuikumbatia, na mbega wakawatazama kutoka juu kwa dharau ya wenye nyumba. Matope yaliwafika kwenye vifundo. Kaoneka alianguka mara tatu, akajifunza kuanguka vizuri. Usiku walikula makande, wakalala fofofo.

Ila Hoza alikuwa na donda rohoni. Kila njia panda ilibidi asimame. Anazima injini, anasikiliza, anasubiri. Kaoneka anatokea taratibu kama mtu anayebeba mayai, anaoneshwa mkono, na safari inaanza upya. Hoza aliona siku zake nne zikimponyoka hapo, njia panda moja baada ya nyingine.

Siku ya tatu, alasiri, alifika njia panda ya Magoroto Ndogo, mahali ambapo shamba la kijiji kidogo kilichomo msituni linapakana na njia. Kushoto palikuwa na barabara pana, ya malori ya magogo ya zamani. Kulia palikuwa na kinjia chembamba kinachopanda mgongoni mwa mlima. Hoza alijua kwamba ile pana ni ya uongo. Inateremka bondeni, na daraja lake lilikwisha kubomoka tangu babu yake yu hai. Ya kweli ilikuwa ile nyembamba, na juu yake palikuwa na uwanda mzuri wa kupiga hema.

Akazima injini. Akasubiri. Ukungu ukaanza kushuka, na ngurumo ikasikika upande wa pili wa mlima. Hoza akawaza, nikifika juu kabla ya mvua, nitapiga hema, nitawasha moto, wenzangu watakuta chai. Wazo jema, au siyo? Ubaya mwingi huanza hivyo.

Ndipo akakumbuka alama ya babu yake. Wapasua mbao wa zamani, wakitaka wenzao wasifuate njia fulani, walilaza tawi bichi katikati yake. Hata mtoto wa huku anajua kwamba njia yenye tawi imefungwa. Hoza akakata tawi kubwa la mforosadi kwenye ua wa shamba, akalilaza katikati ya ile barabara pana, majani yakiwa mabichi na mengi. Akalitazama, akaridhika. Kisha akapanda kilimani akipiga mluzi.

Juu alifanya yote aliyoyakusudia. Hema likasimama, moto ukakubali licha ya unyevu, na maji yakachemka. Akaketi akisubiri sifa zake. Maji yakaendelea kuchemka. Akaongeza kuni, akategea sikio, hakusikia injini. Akafungua sanduku la bati atoe sukari, na pale, pembeni ya sukari, akakiona kikopo cha dawa.

Jamani, moyo ulimlipuka. Hakuzima hata moto. Alikitia kikopo mfukoni mwa shati, akaruka juu ya pikipiki, akateremka kile kinjia kwa namna ambayo hata yeye hakuwahi kuteremka, na safari hii hapakuwa na mluzi.

Pale njia panda alimkuta Sikudhani amesimama kando ya pikipiki yake, akipiga honi bila kupumzika. Hatua chache kutoka kwake alikuwako bibi mmoja wa kijijini na mbuzi wanne.

"Kaoneka yuko wapi?" Hoza akauliza.

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Si niliweka tawi! Tawi la mforosadi, hapa katikati!"

Yule bibi akashika mdomo. "Lile tawi, mwanangu? Mbuzi wangu wamelila. Nilidhani kuna mtu mwema kawakatia, hata nikamshukuru Mungu."

Mbona mnacheka? Chekeni tu, lakini Hoza hakucheka.

Nini? Simu? Simu walikuwa nazo tatu, mjukuu wangu, tena za bei mbaya. Mtandao ndio haukuwako.

Sikudhani akaonesha chini kwa kidole. Kwenye matope kulikuwa na alama ya tairi moja iliyokwenda kulia, na nyingine iliyokwenda kushoto. "Cheni yangu ilikatika kule nyuma, ikanichelewesha," alisema. "Nilipofika nikaziona hizi. Nilitaka kumfuata Kaoneka moja kwa moja. Kisha nikakumbuka kwamba dawa unayo wewe. Ningekwenda kushoto, wewe ungerudi hapa usikute mtu, ukakimbilia kijijini kututafuta, na dawa mfukoni. Ningekufuata wewe huko juu, naye angerudi hapa asikute mtu. Kwa hiyo nimesimama. Nimesimama hapa, Hoza, nikijua kwamba mwenzangu huko bondeni huenda anakosa pumzi. Unajua kazi ya kusimama hivyo?"

"Dada, mimi nilidhani alama inatosha..."

"Njia panda huachiwa mtu, Hoza. Haiachiwi tawi." Hakupaza sauti. "Haya, twende. Washa."

Wakateremka barabara pana, Hoza mbele. Ile barabara ilikuwa nyepesi, ya kuvutia, hivi kwamba mtu asingeshuku lolote mpaka mwisho wake. Na mwishoni, pale daraja lilipokuwa, waliiona pikipiki ya Kaoneka imelala ubavu, gurudumu moja likining'inia juu ya shimo.

Kaoneka mwenyewe alikuwa ameketi, mgongo kwenye gogo na mikono magotini. Mabega yake yalipanda na kushuka, na kila pumzi ilitoa mlio mwembamba. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliwaona, akajaribu kuinua mkono, ukashindwa.

Hoza akapiga magoti. Ile mikono iliyosifiwa mlima mzima ikashindwa hata na kifuniko. Sikudhani akamnyang'anya kikopo, akakitikisa, akakiweka mdomoni mwa Kaoneka. "Vuta. Shikilia. Taratibu. Vuta tena." Akamlegezea koti, akamshika begani, akawa anahesabu naye pumzi kwa sauti ileile anayowahesabia wanafunzi wake wa gereji nati za gurudumu. Hoza alibaki pembeni, hana la kufanya, machozi yanamtoka waziwazi na wala hayafuti.

Ilichukua muda. Mlio ule ulipungua, ukarudi, ukapungua tena. Mwishowe mabega yakashuka yakatulia, na rangi ikairudia midomo.

"Nisamehe," Hoza akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nitukane basi. Nipige."

Kaoneka akatikisa kichwa, akangoja mpaka akapata pumzi ya kutosha maneno. "Nikutukanie nini? Kosa ni langu," akasema. "Niliziona njia mbili. Nikasema moyoni, hii si njia panda. Ingekuwa njia panda, Hoza angekuwapo."

Basi, hapo Hoza akainamisha kichwa kwenye magoti ya mwenzake, akalia kwa kwikwi. Angezabwa kofi angesahau kesho yake. Lakini kumbe rafiki yake alimwamini hata pale aliposhindwa kumwona, na kwa imani hiyohiyo akaenda mpaka ukingoni mwa shimo. Kwa neno hilo hakupata pa kujificha.

Usiku ule walilala palepale bondeni, na hema lao likalala kilimani peke yake. Asubuhi Hoza akalifuata, kisha wakaendelea na safari. Mnadhani walirudi nyuma? Kaoneka ndiye aliyekataa. "Nimekuja kuvuka msitu," alisema, "na dawa sasa naweka shingoni." Akaifunga kwenye kamba, akaining'iniza kama filimbi ya mwamuzi.

Sasa sikilizeni jinsi maneno yale yalivyotoka msituni. Walipokaribia kutokea upande wa mawio, mvua iliwapata, mvua ya mlimani isiyo na huruma. Hoza alifika njia panda ya mwisho, barabara ya malori inapogawanyika, akazima injini, akasimama katikati. Hapakuwa na mti wala paa. Maji yalimwingia shingoni yakatokea viatuni. Pikipiki ya Kaoneka ilikuwa imezimika huko nyuma, Sikudhani anaifuta plagi, kwa hiyo alisubiri sana.

Lori la viazi likapita. Dereva akasimama, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, akateremsha kioo. "Kijana, una wazimu? Pale kuna kibanda. Kajikinge!"

"Nangoja wenzangu, mzee."

"Si uweke tawi njia hii, wataliona? Ndivyo tufanyavyo sote."

"Njia panda huachiwa mtu, mzee wangu," Hoza akajibu, meno yakigongana kwa baridi. "Haiachiwi tawi."

Yule dereva akacheka, akatikisa kichwa, akatia gea. Lakini hakuondoa gari mara moja, maana kwenye kioo chake cha pembeni aliona taa ya pikipiki inakuja ndani ya mvua, na nyuma yake ya pili. Akatazama. Kaoneka alitokea amelowa, miwani ya kinga imejaa maji hata njia haioni sawasawa. Alichokiona ni mtu mmoja tu, amesimama katikati ya mvua na mkono umenyooka upande wa kulia. Hakupunguza mwendo. Hakuuliza. Aliufuata ule mkono, akapita salama.

Dereva yule akaenda zake na viazi vyake, na kila soko aliloshusha gunia, alishusha na maneno aliyoyasikia, mpaka yakawafikia watu ambao hawajawahi kupanda pikipiki wala kumjua Hoza: Njia panda huachiwa mtu, haiachiwi tawi.