Usingizi wa Pili Huuliza wa Kwanza

"Usingizi wa pili huuliza wa kwanza." Mmeisikia leo wodini mkacheka, wanangu, mkadhani ni mzaha wa wauguzi waliochoka. Haikuzaliwa kwenye mzaha. Methali hii ilianza hivi.

Milimani Upare aliishi Namkunda, mke wa Elieza. Miaka sita ya ndoa ilipita bila mtoto. Alimtamani mtoto hadi akawa anaanua nguo za watoto wa jirani na kuzikunja bila kuombwa. Mwaka wa saba akashika mimba. Kwao mimba changa haitangazwi, akanyamaza hata kwa mumewe. Ikaharibika akiwa kwa dada yake mjini. Akalazwa usingizi kwa dawa ya kuvuta puani, kizazi kikasafishwa, akarudi mlimani mikono mitupu. Juma la pili macho yakawa ya manjano. Watu wakasema ni malaria, naye akaitikia. Angemlilia vipi mtoto ambaye hakuna aliyejua kwamba alikuwepo?

Miezi miwili baadaye, uvimbe kwenye mfuko wa mayai ukamleta hospitali, mama mkwe akiwa pembeni. Mzee Kiangi, mtaalamu wa usingizi, akauliza kama amewahi kulazwa usingizi kwa dawa.

"Huyu? Hajawahi hata kushonwa kidole," mama mkwe akajibu. Namkunda akatazama sakafu.

Kiangi alikuwa na desturi ya kuliuliza swali hilo mara mbili, mara ya pili ndani ya chumba cha upasuaji, ambako ndugu hawafiki. Wenzake walimtania kwamba uzee unamsahaulisha. Siku hiyo hata hakupata nafasi ya kuuliza tena. Alikuwa akijaza halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, kwenye mtambo, harufu yake tamu ikamfikia Namkunda, naye akanyoosha mkono kuifuata barakoa.

"Nipe, baba. Nipe upesi. Labda nitamkuta."

"Umkute nani, mwanangu?"

"Nilipoivuta mara ya kwanza nilikuwa naye. Nilipoamka hakuwepo."

Kiangi akaufunga mtambo, akavuta kiti, akakaa. Akauliza ilikuwa lini, na kama macho yalibadilika rangi. Namkunda akamweleza yote.

"Dawa hii imelaza wengi wakaamka salama," mzee akasema. "Lakini wako wachache ambao ini lao huikataa. Kwa hao ikirudi, hurudi na hasira. Ningekulaza leo, huenda juma lijalo tungekuzika, na nisingejua kwa nini."

Upasuaji ukaahirishwa ili ini lipimwe. Ulipofanyika hatimaye, alichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, akakaa macho mwanzo hadi mwisho.

Lakini siku ile ya kwanza mama mkwe alitaka kujua mbona mgonjwa amerudishwa mzima mzima. Kiangi hakusema, maana siri haikuwa yake. Namkunda akasema mwenyewe. Mama mkwe akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Wangu walioharibika walikuwa wawili," akasema. "Kabla ya Elieza. Wewe ndiye wa kwanza kuwasikia."

Wakawalilia watoto wote watatu, pale pale kitandani.

Mnataka kuuliza kama alipata mwingine. Alipata, wa kike. Na yule wa kwanza alimtamani hadi uzeeni, ila sasa alimtaja kwa jina.

Kwenye faili la Namkunda, Kiangi aliandika kwa wino mwekundu: asipewe halotheni. Chini yake akaongeza, kwa ajili ya mtaalamu atakayekuja baada yake: usingizi wa pili huuliza wa kwanza.