Kumi na Mbili kwa Mia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wengi hudhani methali hii ni ya wanafunzi, kumbe walimu ndio wenye haja nayo zaidi, maana mtu aliyezoea kujibu ulimi wake husahau kuuliza. Mwalimu Badria wa Mji wa Kale alikuwa mmoja wao.

Alifundisha hisabati shule iliyo karibu na Ngome ya Yesu, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ya wiki thelathini alipokwenda kupigwa picha ya tumbo. Alirudi na karatasi: uzito wa mtoto unakisiwa kuwa kilo moja na gramu mia tatu na ushei, asilimia ya kumi na mbili. Moyo ulimlipuka paa! Kumi na mbili kwa mia! Mwanafunzi mwenye alama hiyo kwake huitiwa mzazi. Lakini mwalimu wa hisabati amuulize muuguzi maana ya asilimia? Aliona haya, akaificha karatasi kabatini chini ya leso.

Tangu hapo hakutulia. Alikula kama anayeshindana na mtu: mahamri, mbaazi za nazi, na viazi karai juu yake. Mtoto akicheza tumboni, aliogopa. Asipocheza, aliogopa zaidi. Mavyaa wake Bi Raihana, mama wa mumewe, alimtazama akizunguka uani na sahani mkononi.

"Una nini mwanangu? Keti basi ule."

"Sina kitu, mama," alijibu, akazidi kuzunguka na sahani yake.

Baada ya wiki mbili, siku ya kurudi kliniki ilifika, naye hakwenda. Aliogopa kuambiwa kuwa mwanawe amefeli kabla hajazaliwa.

Siku ya pili yake, darasani, alifungua daftari la msichana aitwaye Malak. Hesabu zote kumi zilikuwa na kosa lile lile.

"Mbona hukuuliza tangu ya kwanza?" alifoka.

"Niliogopa utaniona mjinga, mwalimu."

Badria alifungua kinywa amkemee, akaikumbuka karatasi iliyo chini ya leso. Uso ulimuiva kwa aibu mbele ya mtoto wa miaka kumi. Kengele ya mwisho ilipolia, alipitia nyumbani kuichukua karatasi, akapanda tuktuk hadi kliniki.

Muuguzi Zilpah alimpokea kwa lawama. "Mama, tulikungoja jana! Kwa nini hukuja?"

Badria alimnyooshea karatasi. "Dada, nieleze. Kumi na mbili hii, mwanangu amefeli?"

Zilpah hakucheka. "Hii si alama ya mtihani. Wapange watoto mia wa wiki sawa na wako, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Wako ni kama wa kumi na mbili. Ni mdogo, lakini wadogo wazima wako wengi. Tena haya ni makisio. Tunachotaka kujua ni kama anaendelea kukua, na usipokuja tutajuaje?"

Alipimwa tena: kilo moja na gramu mia sita na hamsini, asilimia ya kumi na moja. Badria alikaribia kunyamaza kama kawaida yake.

"Imeshuka moja," alisema. "Ni hatari?"

"La. Ameongezeka vizuri, na damu inamfikia. Rudi baada ya wiki mbili, usikose."

Badria alilia pale pale kitandani, kwa furaha na kwa hasira. Wiki mbili nzima alimwombolezea mtoto aliye hai, kwa ajili ya swali ambalo jibu lake halikuchukua hata dakika tano. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.