Kwa Nini Mwenyeji Huonja Ulanzi Kabla ya Mgeni

Ilikuwapo enzi, wala msiniulize ya mtawala gani, ambapo mgeni kwenye vilima vya Uhehe alipokea ulanzi akanywa bila kumtazama aliyempa. Masika mianzi michanga ilikatwa ncha, maji yake matamu yakakingwa, yakachachuka na kuwa meupe, watu wakanywa. Hakuna aliyeuliza pombe imelala kwenye chombo gani.

Aliyeiharibu starehe hiyo ni Mgaya. Huyu bwana hata akisalimiwa alijiuliza kwa nini. Alikuwa na binti mmoja tu, Vangilisasi, aliyeposwa na mwana wa Twilumba, mjane aliyekuwa mgema hodari kuliko wanaume wote wa bonde lile. Siku ya kukamilisha posa, Mgaya alikwenda kwa mjane pamoja na ndugu zake. Twilumba akammiminia yeye kutoka mtungini, kwa heshima ya baba wa binti, na wale wengine akawapa wa kibuyuni.

Mgaya akanywa. Ulanzi ulikuwa wa baridi, mpole, wenye harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alichukua kikombe cha nduguye, akaonja, na ule ukamchoma ulimi kwa ukali. Mbona yeye peke yake kapewa wa namna yake? Akakumbuka kwamba mume wa mama huyu alikufa ghafla, na hakuna aliyewahi kueleza vizuri.

"Mama Twilumba, umetia nini kwenye mtungi wangu?"

"Ulanzi, mzee wangu."

"Na kwenye kibuyu?"

"Ulanzi huohuo. Nimeugema asubuhi moja, kichaka kimoja."

"Basi posa imevunjika. Simtoi mwanangu aje kula kwenye nyumba yenye dawa."

Neno hilo halikuwa la mchezo. Enzi hizo aliyeshukiwa kutia watu dawa alifukuzwa bondeni yeye na wanawe. Habari zilipomfikia, Vangilisasi alilia mbele za watu bila kujificha. Twilumba hakulia. Alimwambia Mgaya asiondoke. Kesho atagema mbele yake, naye augawe mwenyewe na aulinde mwenyewe.

Kulipokucha Mgaya alimfuata mpaka kwenye mianzi, akanusa kisu, akanusa na mikono ya mjane. Vyombo aliviosha yeye, ulanzi akaugawa yeye, nusu mtungini, nusu kibuyuni, kisha akaketi kati ya vyombo hivyo siku mbili. Chakula aliletewa na nduguye. Kila Twilumba alipopita kwenda kisimani, Mgaya alifunika midomo ya vyombo kwa viganja. Hata nzi akitua, alitaka kujua katokea upande gani.

Siku ya tatu akaonja mbele ya wazee. Wa mtungini ulikuwa mpole, wa kibuyuni mkali. Akarudia kuonja. Mkono uliogusa vyombo vile ulikuwa mmoja tu, nao ni wake.

"Kibuyu hata ukikiosha vipi, chachu ya jana imejificha ndani ya ganda lake," Twilumba alisema. "Mtungi wenyewe hupoza, na ulanzi hutulia. Vyombo ndivyo vinavyopika, mzee, si mimi."

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mgaya aliona aibu, aibu ya kweli, akaomba radhi. Lakini shaka haikumtoka. Akasema harusi na iwe, ila kila atakapokuja kwenye nyumba ile, anayempa kinywaji anywe kwanza, kutoka chombo kilekile, yeye akiona. Twilumba akakubali, kwa ajili ya watoto.

Masika yaliyofuata Mgaya alikwenda kumsalimu binti yake, maana alikuwa amemkumbuka sana. Vangilisasi alipiga goti, akamimina kutoka mtungini, na kabla hajampa akanywa fundo moja huku akimtazama machoni.

"Nimekunywa, baba. Sasa unaweza kunywa."

Mgaya alitaka kumwambia kwamba yeye, mwanawe, hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Hakusema, kwani sharti alikuwa ameliweka mwenyewe. Alikunywa kikombe chote, na hakuusikia utamu wake.

Na tangu siku hiyo, kwetu mwenyeji hunywa kwanza, hata kama anayempa ni mzazi wake, na mgeni humtazama mpaka ameze.